Kijiko Kilichorudi Sufuriani

Nikuulize, wewe unayenisoma: umewahi kukaa na mgeni akila kitamu kilichotoka jikoni kwako, anajilamba midomo, anaomba kingine, na wewe moyoni unajua kijiko kilichokoroga kitamu hicho kiliingia kinywani mwa mtu mara nne na mara zote nne kikarudi sufuriani?

Mimi nimekaa naye. Miezi tisa nimekaa na wageni wa namna hiyo, natabasamu.

Waliokuwa nami tangu mwanzo wanakumbuka nilivyompokea wifi yangu, mdogo wake marehemu mume wangu. Alikuja na sanduku la bati na chupa mbili za marashi, akasema ni wiki mbili tu. Wanakumbuka alivyochukua chumba chenye dirisha la barabarani, kisha kiti cha marehemu, kisha jiko langu. Na wanakumbuka tulipofika juma lililopita: mwenye mkahawa wa pale kona alibisha hodi, akauliza ni nani anayepika vile vibakuli vya kastadi ya chokoleti na nanasi alivyokula kwa jirani. Kabla sijafungua kinywa, wifi akajibu:

"Ni mimi, mama. Karibu ndani."

Nami nikanyamaza.

Leo nitasema kwa nini nilinyamaza, na nilichokifanya baadaye. Hilo la pili ndilo linaloninyima raha.

Nianze na kijiko.

Shule mimi niliishia darasa la saba. Yaliyobaki nilifundishwa na masufuria. Miaka ishirini na sita nilikuwa kwenye jiko la hospitali: kwanza kuosha, kisha kumenya, mwisho nikapewa oveni ya vitamu vya wagonjwa. Mpishi mkuu wetu tulimwita Jemadari. Jemadari alikuwa na sheria ya vijiko viwili. Kimoja cha kukorogea, kimoja cha kuonjea. Ukitaka kuonja, unachota na cha kukorogea, unamwagia tone kwenye cha kuonjea kwa juu, visigusane. Unaonja. Cha kuonjea kinakwenda kuoshwa.

Siku moja alimwona mwenzetu ameonja na kurudisha kijiko humo humo. Sufuria lilikuwa la lita arobaini. Jemadari hakusema kitu. Alilimwaga lote mtaroni, mbele yetu, halafu akampa yule mwenzetu brashi asugue mtaro.

Basi hivyo ndivyo nilivyolelewa kikazi. Sasa sikia nilichokiona.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya wifi kwangu. Nilikuwa nimepasha maziwa, nimeyeyusha chokoleti ndani yake, mayai nimeshayapiga na sukari yanangoja pembeni. Wifi akaja kwa nyuma, marashi yakamtangulia. Akachukua kijiko changu cha kukorogea. Akachota. Akakitia mdomoni chote, mpaka kwenye shingo ya kijiko.

Akakivuta polepole. Kikatoka kinang'aa, na uzi wa mate unaning'inia. Uniwie radhi, lakini nimeshaamua kusema.

Halafu akakirudisha sufuriani akakoroga.

Na muda wote huo alikuwa ananitazama usoni.

"Tamu, wifi," akasema.

"Haya, wifi," nikajibu. Nikacheka na meno yangu haya machache.

Utaniuliza, mwanamke mzima kwenye jiko lake, kwa nini hukusema? Sikiliza. Mume wangu siku anaaga alinishika mkono akaniambia, "Mdogo wangu akija hapa, asije akajiona mzigo." Neno la mwisho la mtu unalibeba. Kwa hiyo nilimtandikia wifi mashuka yale ya kabatini. Chai nikampa kwenye kikombe cha wageni, kile chenye mstari wa dhahabu, na mpaka hivi leo hajanywea kingine. Sahani yake ikatangulia mbele ya zote. Sasa mtu unayemfanyia hivyo, utaanzia wapi kumwambia, "We, toa mdomo wako kwenye sufuria langu"?

Nikameza. Yeye analamba, mimi nameza.

Na hakuacha. Kila nilipopika, yumo. Analamba kijiko, analamba kingo za bakuli la mayai, anachovya kidole chenye rangi ya kucha iliyobanduka. Mara moja niliona kipande cha rangi hiyo, chekundu, kinaelea juu ya chokoleti. Nilikitoa kwa ncha ya uma. Nikaenda uani nikatema mate mpaka koo likakauka.

Binti yangu ni fundi cherehani, anashonea pale sebuleni. Siku hiyo alinisubiri nirudi ndani.

"Mama, mbona siku hizi vibakuli vyako huvigusi?"

"Sukari, mwanangu. Umri huu."

"Ahaa. Basi na mimi ninayo hiyo sukari. Imenishika tangu siku nilipomwona shangazi na kijiko."

Nikakaa chini.

"Umeona?"

"Nina macho, mama. Ninachojiuliza ni kingine. Wewe hali, mimi sili. Mbona majirani tunawapelekea?"

"Wao hawajaona."

Alisimamisha mashine. Alinitazama kwa namna ambayo mtoto hapaswi kumtazama mama yake, ila nilistahili.

"Mama! Wewe kinyaa kinataka kukuua, halafu unachukua sinia unakwenda kuwalisha watu?"

Kesho yake nikapeleka sinia lingine. Ningevimwaga, ningemwambia wifi nini? Andika hiyo, msomaji, iwe dhambi yangu ya kwanza.

Sasa turudi kwa mwenye mkahawa, yuko sebuleni, wifi ameshamkalisha.

Ni mama mnene, mchangamfu, miwani yake imefungwa uzi shingoni. Alisema mpishi wake wa vitamu amehamia mbali kwa watoto wake, na anatafuta mtu wa kuja kila asubuhi kushika oveni.

"Pale kwa jirani yenu nilikula vitatu," akasema. "Vitatu! Cha tatu nilikula nimegeuka ukutani kwa aibu."

Yeye anacheka, mimi nahesabu. Vibakuli vitatu. Siku ile kijiko kilirudi mara ngapi? Nikashika mlango.

"Jumamosi mchana nitakuja nikutazame unavyopika," akamwambia wifi. "Hapa hapa, kwenye jiko lako. Nikiridhika, Jumatatu unaanza."

Jiko lako!

Sitaki nikufiche kitu. Ile kazi niliitaka. Oveni ya pale mkahawani ina mlango wa kioo na taa ndani. Mara ngapi nimesimama nje nikijifanya nafunga kamba ya kiatu, kumbe naitazama. Tangu nistaafu napika vibakuli vinane kwa juma, katika oveni ambayo mlango wake naubana kwa kipande cha mti. Nina miaka sitini na minane. Nilitaka niamke asubuhi kuwe na mahali wananingoja. Nilitaka mtu aniulize, "Leo umetupikia nini?" Ni hilo tu.

Mgeni alipoondoka, wifi akanishika bega.

"Usinune, wifi yangu. Miguu yako inavimba, utasimama wewe kutwa nzima? Mimi nitakaa mbele, wewe utanisaidia kwa nyuma. Si nyumba moja?"

Akanitazama tena vile vile, kama anayesubiri basi.

"Nyumba moja," nikasema.

Akaniachia bega. Nikaona kama uso umemshuka kidogo, lakini sikutilia maanani. Nilikuwa nashughulika na kumeza.

Sasa hapa pana jambo la kazi ambalo lazima ulijue.

Nanasi na maziwa ya uvuguvugu havipatani. Ukikata nanasi ambalo halijapita motoni, ukalimwagia kastadi ya moto kiasi, ukaviacha vikae, maziwa yanakatika. Yanatoa maji pembeni na mabonge katikati. Na uchungu unaingia, ule wa kidonge kilichokuyeyukia ulimini kabla hujapata maji. Dawa yake ni ndogo: unachemsha vipande vya nanasi kwanza, kwa maji yake yenyewe, dakika kumi na mbili, unaviacha vipoe. Nilijua kwa sababu niliwahi kuharibu. Jemadari alinikalisha kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikala bakuli zima nililoliharibu, mpaka chini.

Wifi hakulijua hilo. Wifi huamka saa nne. Ikifika saa nne, nanasi langu limeshachemka, limeshapoa, limo kwenye bakuli juu ya meza. Miezi tisa analiona bakuli, sufuria la kuchemshia hajawahi kuliona.

Jumamosi ikafika. Nilinunua mananasi mawili, mazuri, yananukia. Nikayaweka mezani yakiwa mazima. Nikasema, leo sichemshi kitu mpaka niambiwe. Mpishi si yeye?

Saa saba na nusu akaja jikoni amevaa aproni yangu. Akachukua nanasi, akalimenya, akaanza kulikata vipande moja kwa moja kwenye vibakuli.

Kinywa changu kikafunguka chenyewe.

"Wifi..."

"Nini?"

Kisu kikasimama hewani. Akageuka, akanikodolea macho. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema: chemsha kwanza.

"Kisu hicho butu," nikasema. "Chukua hiki."

Nikampa kisu kikali.

Hiyo ndiyo dhambi yangu ya pili, na ndiyo kubwa. Sijawahi kumpa mtu kitu kwa mkono mzuri namna ile huku moyo wangu umeoza.

Mwenye mkahawa akaja saa nane kamili. Nikaletewa heshima zangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Huyu wifi yangu," wifi akadakia. "Ananisaidia kuosha."

Nikaenda kwenye sinki, nikafungua bomba, nikasubiri. Nisikudanganye nilichokuwa nasubiri. Nilikuwa nasubiri alambe. Nilisema moyoni, mwache alambe mbele ya huyu mama, mara moja tu, yaishe.

Maziwa yakapata moto. Chokoleti ikayeyuka. Akamimina maziwa kwenye mayai kidogo kidogo, mkono mmoja unamwaga, mwingine unapiga, sawasawa kabisa. Akachuja kwa chujio. Kisha ukafika wakati wa kuonja.

Wifi akafungua droo. Akatoa kijiko cha pili.

Akachota na cha kukorogea, akamwagia tone kwa juu, visigusane. Akaonja. Kile cha kuonjea akanipa nikioshe.

"Hapo ndipo nilipokuwa napangojea," mwenye mkahawa akasema, anatikisa kichwa kwa furaha. "Wengi huanguka hapo."

Kijiko kilinitoka mkononi kikalia kwenye sinki.

Kumbe anajua! Miezi tisa nilijituliza kwa kusema hajui, hakufundishwa, masikini ya Mungu. Kumbe anajua kuliko wanafunzi wa Jemadari! Mbele ya mgeni vijiko viwili, mbele yangu mate. Kinyaa nilichokisikia kabla ya hapo kilikuwa cha tumboni. Hiki kiliniingia mpaka kwenye mifupa. Nikatazama vipande vya nanasi vilivyojipanga kwenye vibakuli vinane, nikasema kimoyomoyo, mwagia, mwanamke. Mwagia tu.

Akamwagia.

Na oveni hakuwa ameiwasha. Hilo nalo nililiona tangu saa saba na nusu, nikalinyamazia. Alipoliona akacheka, akaiwasha, wakakaa kupiga soga huku inapata moto. Nusu saa vibakuli vikakaa mezani, uvuguvugu, nanasi linafanya kazi yake taratibu. Mimi najua, meza inajua.

Kisha akavipanga kwenye sinia refu, akatia maji ya moto yafike nusu ya vibakuli, akafunika kwa foili, akaingiza. Dakika arobaini. Nikabana mlango kwa kile kipande cha mti, kama msaidizi mwema.

Vilipotoka, sikuwa na haja ya kuonja.

Kastadi nzuri unaitikisa bakuli, inatetemeka katikati kama shavu la mtoto. Hizi hazikutetemeka, zilicheza. Maji ya kijivu yalikuwa yamejitenga pembeni, katikati kuna mabonge ya kahawia, kama maziwa aliyoyarudisha mtoto mchanga begani mwa mama yake. Harufu ya chokoleti nzuri juu ya kitu cha namna hiyo inazidisha karaha.

Wifi akakunja uso. Lakini mwenye mkahawa ni mtu wa adabu. Akashusha miwani, akachota kijiko kizima, akatia mdomoni.

Nilimwangalia. Ningeweza kusema hata hapo, kijiko kikiwa njiani.

Macho yakamtoka. Mashavu yakajaa. Akatoa leso kwenye mkoba, akatema, akafuta ulimi. Akatema tena.

"Chungu! Mama wee, chungu kama dawa!"

Wifi akaonja kwa ncha ya ulimi, akakohoa. Kisha akanigeukia, kidole mbele.

"Wifi ndiye aliyenunua mananasi! Umeniletea mabovu!"

Mwenye mkahawa akanitazama. Leso bado iko mdomoni.

"Mama, mananasi yalikuwa mabovu?"

"Yalikuwa mazima," nikasema. "Hayakuchemshwa."

"Kwani huwa yanachemshwa?" wifi akauliza.

Mwenye mkahawa akavua miwani, ikaning'inia kifuani. Akamgeukia wifi pole pole.

"Wewe ndiye mpishi wa vile nilivyokula, na hujui kama nanasi lake linachemshwa?"

Wifi akatazama chini.

Nikafunga bomba. Nikafuta mikono kwenye kanga.

"Mpishi ni mimi," nikasema. "Vile vitatu nilipika mimi. Na kazi hiyo naitaka mimi."

Sebuleni mashine ya kushonea ikanyamaza.

Ungedhani mwenye mkahawa atafurahi. Nami nilidhani hivyo. Badala yake akavuta kiti, akakaa, akanitazama kama daktari anavyokutazama kabla hajafungua faili.

"Ulikuwepo wakati anakata nanasi?"

"Nilikuwepo."

"Ukajua kitakachotokea?"

"Nilijua."

"Ukamwambia?"

"Nilimpa kisu."

"Na mimi ukaniacha nitie mdomoni."

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Mama, ningekuwa mjinga kama nisingekubali kwamba mikono yako inajua kazi," akasema. "Lakini mkahawani kwangu wanakula wazee, wanakula watoto, wanakula wajawazito. Mtu anayeona kitu kibaya kinakwenda kinywani mwa mgeni na akanyamaza kwa sababu ana ugomvi wake na mwenzake, oveni yangu nitamwachiaje?"

Unajua, wifi alinitia kinyaa miezi tisa. Hakuwahi kunitia kinyaa kama nilivyojitia mwenyewe dakika ile. Nikakumbuka ile ndoo iliyogeuzwa. Jemadari angenikalisha tena, anipe vibakuli vyote vinane.

"Nitakuuliza moja tu," mwenye mkahawa akasema, "halafu nitaamua. Kuna kitu kingine cha jiko hili unachokijua ambacho umekinyamazia?"

Msomaji wangu, hapo ungejibu nini?

Nikisema hapana, labda Jumatatu naingia kwenye mlango ule wa kioo. Nikisema ndiyo, huyu mama atajua alikula nini pale kwa jirani, mara tatu, ya tatu ameugeukia ukuta. Atatapika hapa hapa, atatoka, na mtaa mzima utafunga milango nikipita na sinia.

Nikamtazama wifi. Nilitegemea nimwone anatetemeka, ananikonyeza, ananiomba. Hakuwa na dalili hiyo. Alikuwa ananitazama kwa yale macho yake ya siku zote, yale ya kulambia kijiko. Anasubiri.

Binti yangu alikuwa ameshafika mlangoni, utepe wa kupimia shingoni.

"Mama," akasema, "hiyo sukari yako itakuua."

Basi nikapiga moyo konde.

"Kijiko," nikasema.

"Kijiko gani?"

"Cha kukorogea. Vile vitatu ulivyokula, mwanangu, kijiko chake kililambwa. Kikarudi sufuriani, kikalambwa tena. Wifi alikuwa analamba, mimi nilikuwa natazama. Miezi tisa. Nikichukizwa mimi, sili. Nyinyi nawapelekea."

Mkono wa mwenye mkahawa ulipanda polepole ukafunika mdomo. Rangi ikamtoka. Akainuka, kiti kikaanguka, akaniparamia pale kwenye sinki, akafungua bomba mpaka mwisho. Akasukutua. Akatema. Akasukutua tena. Nilitaka kumshika mgongo, nikaona sina mkono safi wa kumshikia.

Nikamgeukia wifi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa mayowe, kwa sanduku la bati kuburutwa sakafuni.

Wifi alikuwa analia. Analia na kucheka, aproni yangu ameikunja usoni.

"Miezi tisa!" akasema. "Miezi tisa, wifi! Mtu una moyo wa namna gani wewe?"

"Mimi? Wewe ndiye uliyelamba!"

"Nililamba mbele yako! Umewahi kuniona nalamba kwa kujificha? Kila siku nakutazama usoni, nasema leo atasema. Leo lazima atasema. Unaniambia 'Haya, wifi.' Nikachovya kidole. 'Haya, wifi.' Nikakalia kiti cha kaka. Haya! Nikasema basi, nitamwambia mgeni kwamba chakula cha wifi ni changu, hilo halivumiliki, hilo hata maiti angeamka. Nawe unaniambia 'Nyumba moja'!"

"Lakini vijiko viwili unavijua!" Nilikuwa napiga kelele sasa, mimi, ambaye sijapiga kelele tangu mume wangu azikwe. "Nimekuona leo! Nani alikufundisha?"

Akashusha aproni. Uso umelowa, wanja umemwagika, marashi yote yameshaisha nguvu.

"Ni wewe," akasema. "Umesahau? Nilikuwa na miaka kumi, kaka alinileta nikae kwenu nisome. Ndiyo kwanza umeanza hospitali, kila siku unatuletea sheria za huyo Jemadari wako. Nikaonja uji nikarudisha kijiko. Ukanichapa hapa." Akanyoosha mkono, akanionyesha juu ya kiganja. "Ukasema, 'We mtoto mchafu, kaoshe!' Kaka akacheka mpaka akashika ukuta. Na mimi nikacheka. Nikaosha."

Nikakumbuka. Wallahi nilikuwa nimesahau kabisa, na wakati ule ule nikakumbuka mpaka rangi ya bakuli.

"Tangu hapo nimepita nyumba ngapi, wifi? Kwa mume, kwa shemeji, kwa watoto wa watu. Kote mgeni. Nikasema nirudi kule nilikochapwa. Nafika, unanitandikia mashuka ya kabatini. Unanipa chai kwenye kikombe cha mstari wa dhahabu. Kila asubuhi nakiona kile kikombe, naona umenifungia sanduku langu ukaliweka mlangoni."

Nyuma yangu bomba likafungwa. Mwenye mkahawa alikuwa amegeuka, maji yanamtiririka kidevuni, anatutazama wote wawili. Jibu lake lilikuwa mdomoni tayari, nililiona. Lakini sikuweza kumngoja yeye kwanza.

Wifi alichukua kijiko cha kukorogea kutoka kwenye sufuria. Kilikuwa bado kina chokoleti. Akakipeleka mdomoni, akakilamba chote, mpaka shingoni. Akakirudisha sufuriani. Kisha akaweka mkono wake mezani mbele yangu, kiganja chini.

"Wifi," nikasema, "kwani ulikuwa unataka nini?"

"Nilitaka unichape."